Mafaili Mawili Yanayobeba Mfumo Mzima

Mfumo wa Tiny Core Linux, katika umbo lake dogo kabisa liitwalo Core, huingia kwenye kompyuta kwa mafaili mawili tu. La kwanza, vmlinuz, ni kerneli, yaani kiini kinachoongoza prosesa, memori na vifaa vyote vya mashine. La pili, core.gz, limebeba kilichobaki: amri za msingi, draiva, skripti za kuwashia na mti mzima wa folda anaoukuta mtumiaji akishaingia. CD yake ina takriban MB 17, ukubwa wa picha tatu au nne zilizopigwa kwa simu ya kisasa. Robert Shingledecker, aliyeuanzisha mwishoni mwa 2008, alikuwa ametoka kwenye Damn Small Linux, mfumo mwingine uliojiwekea sharti la kutovuka MB 50 ili uenee kwenye CD ndogo yenye umbo la kadi ya biashara.

Mifumo ya aina hii, pamoja na Puppy Linux iliyoanzishwa na Barry Kauler wa Australia mwaka 2003, huzirudisha kazini kompyuta kuukuu ambazo mifumo mikubwa imezielemea. Kwa mtu anayepakua kwa bando la simu, tofauti kati ya MB 17 na GB kadhaa ni pesa taslimu. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo hutokana na kubana mafaili, na kubana kuna gharama yake. Faili lililobanwa sharti lifunguliwe kabla ya kutumika, na kazi hiyo huangukia prosesa ileile dhaifu na memori ileile finyu ambayo mfumo mwepesi ulikusudiwa kuipunguzia mzigo. Kwa hiyo anayetengeneza mfumo mdogo hana budi kujiuliza nani atalifungua faili, mara ngapi, na kwa mashine ya namna gani. Asiyejiuliza hayo anaweza kupata faili dogo ajabu lisilofunguka kabisa pale linapohitajika.

Kubana kunakozungumziwa hapa ni kule kusikopoteza kitu: faili likifunguliwa hurudi vilevile lilivyokuwa, baiti kwa baiti. Picha za JPEG na muziki wa MP3 hubanwa kwa njia nyingine, inayotupa yale ambayo jicho au sikio halitayakosa sana. Njia hiyo haifai kwa programu, kwa sababu baiti moja tu ikibadilika programu nzima inaweza kugoma.

Msingi wa kubana bila kupoteza ni marudio. Methali "haba na haba hujaza kibaba" ina neno "haba" mara mbili. Programu ya kubana ikifika kwenye "haba" ya pili haiiandiki tena. Huacha agizo fupi linalosema rudi nyuma nafasi 8, nakili alama 5, ile nafasi tupu inayofuata neno ikiwemo. Katika sentensi moja faida haionekani. Katika faili la mamilioni ya baiti, ambamo majina ya folda, ujumbe wa makosa na vipande vya maagizo ya prosesa hujirudia maelfu ya mara, faida ni kubwa mno. Wazo hilo lilichapishwa mwaka 1977 na Abraham Lempel na Jacob Ziv wa Israel, na ndilo linaloitwa LZ77 mpaka leo.

Juu yake huwekwa wazo la pili, ambalo kwa umri ndilo kubwa. David Huffman alilitoa mwaka 1952 akiwa mwanafunzi wa chuo cha MIT nchini Marekani. Kwa kawaida kila herufi kwenye faili huchukua biti 8, iwe inatumika mara nyingi au mara moja. Huffman alionyesha namna ya kuzipa alama zinazojirudia sana msimbo mfupi na zile adimu msimbo mrefu. Katika methali ileile, herufi a hutokea mara 9 kati ya herufi 22, ilhali z hutokea mara moja tu. Herufi a ikipewa biti moja au mbili, na z ikaachiwa nne au tano, jumla hushuka sana. Maandishi ya Kiswahili, ambayo karibu kila neno huishia kwa irabu, hunufaika vizuri na mpango huo.

Mmarekani Phil Katz, mwandishi wa programu ya PKZIP, aliyaunganisha mawazo hayo mawili katika njia iitwayo Deflate. Hiyo ndiyo iliyomo ndani ya mafaili ya ZIP, ndani ya picha za PNG na ndani ya gzip. Gzip yenyewe iliandikwa na Jean-loup Gailly na Mark Adler na kutolewa mwaka 1992, wakati ambapo programu ya compress iliyozoeleka kwenye Unix ilikuwa imefungwa na hataza, na mradi wa GNU ukihitaji mbadala usio na masharti. Miaka zaidi ya 30 baadaye, herufi gz bado ziko mwishoni mwa jina core.gz, na kuna sababu nzuri: karibu kila kerneli na kila mfumo mdogo unaweza kufungua gzip, kwa memori kidogo sana.

Udhaifu wa gzip ni kwamba haioni mbali. Inapotafuta marudio hutazama nyuma KB 32 tu; kitu kilichoonekana kabla ya hapo ni kama hakikuwahi kuwepo. Bzip2 ya Julian Seward, iliyotoka mwaka 1996, ilitumia njia tofauti kabisa ya kupanga upya data kabla ya kuibana, lakini ni nzito kufungua na sasa inatumika kidogo. Mrusi Igor Pavlov, kupitia programu yake ya 7-Zip, ndiye aliyeleta LZMA, ambayo dirisha lake la kutazama nyuma hufikia megabaiti nyingi. Zana ya xz imerithi njia hiyo. Kwa faili la programu, xz kwa kawaida hutoa matokeo madogo kuliko gzip kwa kiasi kinachoonekana wazi.

Bei ya dirisha kubwa hulipwa kwa memori, na hapa ndipo watengenezaji wengi wa mifumo midogo hujikwaa. Xz katika kiwango chake cha kawaida, cha 6, hutumia dirisha la MB 8. Huhitaji takriban MB 94 za memori wakati wa kubana na MB 9 wakati wa kufungua. Ikipandishwa hadi kiwango cha 9, dirisha huwa MB 64, na memori inayotakiwa hupanda hadi takriban MB 674 kwa kubana na MB 65 kwa kufungua. Kompyuta yenye RAM ya MB 128 ikipewa faili la namna hiyo hupoteza nusu ya memori yake kwa kazi ya kufungua peke yake. Na mara nyingi upotevu huo hauna faida yoyote: faili lenye ukubwa wa MB 14 kabla ya kubanwa haliwezi kunufaika na dirisha la MB 64, kwa kuwa hakuna cha kutazama umbali huo. Kuandika xz -9 kwa mazoea tu, kwa kudhani namba kubwa ndiyo bora, ni tabia inayofaa kuachwa.

Upande wa pili wa mzani kuna LZ4, iliyotolewa mwaka 2011 na Mfaransa Yann Collet. LZ4 hubana kidogo kuliko gzip, lakini hufungua kwa kasi kubwa hata kwenye prosesa ya kawaida. Collet huyohuyo, akiwa Facebook, alitoa Zstandard mwaka 2016, ambayo wengi huiita zstd. Sifa yake njema ni kwamba kasi ya kufungua haishuki sana hata kama faili lilibanwa kwa kiwango cha juu. Anayeumia ni yule anayebana. Mradi wa Arch Linux ulipohamisha vifurushi vyake kutoka xz kwenda zstd mwishoni mwa 2019, ulitangaza kwamba ukubwa wa jumla uliongezeka kwa takriban 0.8%, huku kasi ya kufungua ikipanda kwa takriban 1300%. Kwa kifurushi kinachobanwa mara moja na kufunguliwa na maelfu ya watu, huo ni ubadilishanaji wa haki.

Xz ina jambo jingine ambalo anayechagua zana hawezi kulipuuza. Mnamo Machi 2024 mhandisi Andres Freund aligundua kwamba matoleo yake ya 5.6.0 na 5.6.1 yalikuwa yamepandikizwa mlango wa siri na mtu aliyejipatia imani ya mradi kwa miaka kadhaa. Kilichomshtua Freund ni kuingia kwa mbali kwenye kompyuta kulikochelewa kwa takriban nusu sekunde. Matoleo hayo yaliondolewa haraka, na matoleo safi ya xz yanaendelea kutumika. Hata hivyo zana za kubana hukaa ndani kabisa ya mfumo, zikigusa kila kifurushi kinachosakinishwa, na kuzipakua kutoka chanzo cha mradi wa mfumo wenyewe ni ulinzi wa lazima.

Kuna mafaili ambayo hayafai kubanwa kwa zana yoyote kati ya hizi. Video za MP4, picha za JPEG, muziki wa MP3 na mafaili ya ZIP tayari yamekwisha kuondolewa marudio. Kuyabana tena hupoteza muda na umeme, na pengine huyaongezea baiti chache za kichwa cha faili. Data iliyosimbwa kwa siri nayo haina marudio yanayoonekana. Anayetaka kubana na kusimba sharti abane kwanza.

Sasa ni rahisi kuelewa kinachotokea kompyuta inapowashwa. Programu ndogo ya kuwashia, kama vile GRUB au ISOLINUX, husoma vmlinuz na core.gz kutoka kwenye diski au flashi na kuyaweka kwenye memori. Kisha huikabidhi kerneli usukani. Kerneli imebanwa, na imebeba ndani yake kipande kidogo cha programu kinachojua kuifungua. Z iliyo mwishoni mwa jina vmlinuz ni alama ya kubanwa huko. Kwenye kompyuta za x86 umbo la faili hilo huitwa bzImage, na watu wengi hudhani herufi bz zinahusu bzip2. Hazihusu. Umbo hilo lilikuja kuondoa kikomo cha KB 512 kilichokuwa kwenye umbo la awali.

Kerneli ikishajifungua huligeukia faili la pili. Ndani ya core.gz mna makabati mawili, moja ndani ya lingine. Kabati la nje ni gzip. La ndani ni kumbukumbu ya cpio, muundo wa zamani wa Unix unaopanga mafaili mengi kwenye mfululizo mmoja pamoja na ruhusa zake, wamiliki wake na mafaili maalumu ya vifaa. Kerneli huumwaga mfululizo huo kwenye mfumo wa mafaili ulio ndani ya memori, huiachia huru memori ya faili lililobanwa, kisha huendesha programu iitwayo init. Katika mifumo mikubwa, hatua hii ni ya mpito: init hutafuta diski halisi na kuhamia huko. Katika Tiny Core hakuna kuhama. Kilichomwagwa kwenye memori ndicho mfumo wenyewe, na ndiyo maana flashi ikichomolewa baada ya Core kuwaka, kazi huendelea.

Kuna kipindi kifupi katikati ya hatua hizo ambapo faili lililobanwa na mafaili yaliyofunguliwa hukaa kwenye memori kwa pamoja. Mfumo unaohitaji MB 40 ukishatulia unaweza kuhitaji zaidi ya MB 55 kwa sekunde chache, na kompyuta isiyo na nafasi hiyo husimama hapo. Mtengenezaji anayepima memori baada ya mfumo kuwaka tu hawezi kuliona tatizo hilo.

Kasi ya kuwaka nayo hutegemea mahali penye mkwamo. Chukua mfano wa kompyuta kuukuu yenye USB ya toleo la 1.1, ambayo kwa kikomo cha nadharia hupitisha megabiti 12 kwa sekunde na kwa vitendo takriban MB moja. Kupunguza faili la kuwashia kutoka MB 20 hadi 14 huokoa sekunde 6 za kusoma. Hata kama xz itahitaji sekunde 2 zaidi kufungua, mtumiaji amefaidika. Faili lilelile likiwa kwenye diski ya SSD inayosoma mamia ya megabaiti kwa sekunde, kusoma hakuchukui hata sehemu ya kumi ya sekunde, na sekunde mbili za xz ni hasara tupu. Hapo LZ4 au zstd ndiyo inayofaa.

Uchaguzi huo lakini una mipaka iliyowekwa na kerneli yenyewe. Kerneli hufungua tu miundo ambayo iliandaliwa kuifungua ilipotengenezwa. Kwa miaka mingi gzip ilikuwa peke yake. Bzip2 na LZMA ziliongezwa katika toleo la 2.6.30 la mwaka 2009, xz katika 2.6.38, LZ4 katika 3.11, na zstd katika 5.9 la mwaka 2020. Kwenye kerneli zinazoonyesha mipangilio yake, amri hii huorodhesha miundo inayokubalika:

zcat /proc/config.gz | grep RD_

Hata muundo ukiwa unakubalika, kuna mitego miwili ambayo imewagharimu watu usiku mzima. Xz huweka ndani ya faili namba ya uhakiki ya aina ya CRC64 bila kuulizwa, na kifunguzi cha xz kilichomo kwenye kerneli hakitambui aina hiyo. Anayebana faili la kuwashia lazima aandike xz --check=crc32. LZ4 nayo ina umbo jipya la faili na la zamani, na kerneli husoma la zamani tu, linalopatikana kwa lz4 -l. Katika hali zote mbili faili linafunguka vizuri mtu akilijaribu kwa mkono, halafu kompyuta inagoma kuwaka.

Kulitengeneza upya core.gz si kazi ngumu, ila inadai uangalifu. Mtu hutengeneza folda tupu, huingia ndani yake na kulifungua faili:

zcat ../core.gz | sudo cpio -i -H newc -d

Hubadilisha anachotaka, kisha hulifunga tena akiwa ndani ya folda hiyohiyo:

sudo find . | sudo cpio -o -H newc | gzip -9 > ../core-mpya.gz

Neno sudo halipo kwa mapambo. Bila mamlaka ya msimamizi, mafaili yote hubadilika na kuwa mali ya mtumiaji wa kawaida, na mafaili ya vifaa hayatengenezwi kabisa. Kwa sababu hiyohiyo folda ya kazi isiwe kwenye flashi ya FAT32, kwani FAT haihifadhi ruhusa wala wamiliki. Alama ya newc ni muundo pekee wa cpio ambao kerneli inauelewa pamoja na ndugu yake mwenye uhakiki. Faili jipya nalo liandikwe nje ya folda, la sivyo litaanza kujimeza lenyewe.

Mwongozo wa Tiny Core unapendekeza hatua moja zaidi: kulipitisha faili kwenye programu ya advdef, kwa amri advdef -z4 core-mpya.gz. Programu hiyo hutafuta kwa subira mpangilio bora zaidi wa Deflate na kuliandika faili upya. Matokeo ni gzip ileile, inayofunguliwa na kerneli yoyote, ila ndogo zaidi kidogo. Google ilitoa zana ya namna hiyo iitwayo Zopfli mwaka 2013, ikisema matokeo yake ni madogo kwa asilimia 3 hadi 8 kuliko gzip ya kiwango cha juu. Zote mbili huchukua muda mrefu kubana, lakini anayefungua hatozwi chochote, na kwa mfumo mdogo huo ni uungwana mkubwa.

Kerneli pia inakubali kumbukumbu kadhaa za cpio zilizounganishwa kwa kufuatana. Tiny Core hutumia uwezo huo: rootfs.gz ina programu, modules.gz ina draiva, na amri ya cat huziunganisha kuwa faili moja. Draiva zinaweza kubadilishwa bila kugusa programu. Mfumo wa Debian na jamaa zake hutumia mbinu hiyo kutanguliza marekebisho ya prosesa mbele ya faili la kuwashia, na hapo cpio ya kawaida humchanganya mtu, kwa kuwa husoma kipande cha kwanza na kusimama. Amri za lsinitramfs na unmkinitramfs hulishughulikia hilo.

Kwenye Debian, tatizo la kawaida ni sehemu ndogo ya diski iitwayo /boot kujaa kila kerneli mpya inapoingia. Wengi hukimbilia kubadilisha njia ya kubana. Dawa yenye nguvu zaidi iko kwenye faili la /etc/initramfs-tools/initramfs.conf, katika mstari wa MODULES. Ukisema most, faili la kuwashia hubeba draiva za karibu kila aina ya diski na kadi. Ukisema dep, hubeba zile tu ambazo kompyuta hiyo inazihitaji, na baada ya sudo update-initramfs -u ukubwa hushuka sana. Hasara yake ni kwamba diski hiyo ikihamishiwa kompyuta nyingine huenda isiwake. Katika kazi yote ya mifumo midogo, kilichoondolewa huokoa zaidi kuliko kilichobanwa: kurasa za msaada, tafsiri za lugha zisizotumika, na majina ya ndani ya programu yanayofutwa kwa amri ya strip. Vitu hivyo vikiondoka huokoa nafasi ya diski na memori kwa pamoja, bila kuiongezea prosesa kazi.

Faili la kuwashia hufunguliwa lote kwa mkupuo. Programu kubwa, kama kivinjari au kihariri cha ofisi, haziwezi kufanyiwa hivyo kwenye mashine yenye memori ndogo. Jibu lake ni mfumo wa mafaili ambao wenyewe umebanwa, unaofungua kile tu kinachosomwa. Klaus Knopper wa Ujerumani aliionyesha dunia nguvu ya wazo hilo kupitia Knoppix, ambayo tangu mwaka 2000 ilibeba takriban GB 2 za programu kwenye CD moja ya MB 700. Chombo kilichoenea zaidi baadaye ni SquashFS ya Phillip Lougher, iliyoanza mwaka 2002 na kuingizwa rasmi kwenye kerneli ya 2.6.29 mwaka 2009.

SquashFS hukata mafaili vipande, hubana kila kipande peke yake na kuweka orodha ya mahali kilipo. Programu ikiomba ukurasa fulani, kipande husika tu ndicho kinachofunguliwa. Mafaili mawili yaliyo sawa huhifadhiwa mara moja. Hakuna kinachoweza kuandikwa juu yake baada ya kufungwa, jambo linaloulinda mfumo hata umeme ukikatika ghafla. Ukubwa wa kipande huchaguliwa kati ya KB 4 na MB 1, na wa kawaida ni KB 128. Kipande kikubwa hutoa marudio mengi na hivyo hubana vizuri; lakini anayehitaji baiti mia moja tu hulazimika kufungua kipande chote. Vifurushi vya Tiny Core, vyenye mkia wa .tcz, ni mafaili ya SquashFS, na mwongozo wake unaelekeza vipande vya chini kabisa:

mksquashfs folda programu.tcz -b 4k -no-xattrs

Kifurushi huongezeka ukubwa kidogo kwenye diski, na memori inayotumika kukisoma hupungua. Puppy Linux huweka mfumo wake mkuu kwenye faili la .sfs, tena huweza kulinakili lote kwenye RAM wakati wa kuwaka ikiwa nafasi ipo. Faili hukaa huko likiwa bado limebanwa, na kusoma kutoka RAM huondoa kabisa ucheleweshaji wa flashi. Kompyuta isiyo na memori ya kutosha huambiwa pfix=nocopy kwenye mstari wa kuwashia ili faili libaki lilipo.

Kwa kuwa Tiny Core huishi kwenye memori, kazi ya mtumiaji hupotea kompyuta ikizimwa, isipokuwa kile kilichotajwa kwenye /opt/.filetool.lst. Hicho hubanwa kwenye mydata.tgz wakati wa kuzima na kufunguliwa tena wakati wa kuwasha. Watumiaji wapya hurundika video na picha kwenye folda yao ya nyumbani, halafu hulalamika kwamba mfumo mwepesi umekuwa mzito. Mafaili hayo, ambayo hayabaniki, husukumwa ndani ya gzip kila siku bila faida. Yakihamishiwa kwenye sehemu ya kudumu ya diski, au yakitajwa kwenye /opt/.xfiletool.lst ili yarukwe, mfumo hurudi kwenye kasi yake.

Kubana kwa nakala za akiba hufuata hesabu ileile. Tar hukusanya folda kuwa faili moja na zana nyingine hulibana. Tar -czf hutumia gzip, tar -cJf hutumia xz, na tar --zstd -cf hutumia zstd pale ilipo. Mwenye mfumo mdogo akumbuke kwamba BusyBox, programu moja inayobeba mamia ya amri za kawaida, hubana kwa gzip na bzip2, ila xz yake hufungua tu. Nakala ya akiba isiyoweza kufunguliwa na diski ya dharura haina maana, na kwa hiyo gzip bado ina heshima yake hapa.

Memori yenyewe huweza kubanwa. Zram, iliyoingia rasmi kwenye kerneli ya 3.14 mwaka 2014, hutenga sehemu ya RAM kuwa mahali pa kuhamishia kurasa za memori zisizotumika, zikiwa zimebanwa. Tiny Core huiwasha yenyewe, na anayetaka kuizima huandika nozswap wakati wa kuwasha.

Nakala ya flashi nzima ina utaratibu wake. Faili lililofutwa haliondoki kwenye flashi; baiti zake hubaki mpaka ziandikwe juu, na hubanwa pamoja na zilizo hai. Kabla ya kunakili inafaa kuijaza nafasi tupu ya flashi hiyo kwa sifuri na kisha kulifuta faili hilo la sifuri, maana sifuri mfululizo hubanika kuwa karibu si kitu. Baada ya hapo flashi iondolewe kwenye mfumo kwa umount na kunakiliwa:

sudo dd if=/dev/sdb bs=4M | zstd -T0 > flashi.img.zst

Kuirudisha ni kwa zstd -dc flashi.img.zst | sudo dd of=/dev/sdb bs=4M, bila kuhitaji nafasi ya kuweka faili lililofunguliwa. Jina la diski lihakikiwe kwanza kwa lsblk, kwa kuwa dd haiulizi mara mbili, na herufi moja ikikosewa hufuta diski ya kompyuta. Namba ya uhakiki inayotolewa na amri ya sha256sum ikihifadhiwa pamoja na faili huwezesha kujua kama lilifika salama.

Faili jipya la kuwashia halifai kuwekwa mahali pa la zamani kabla ya kujaribiwa. QEMU, programu inayoiga kompyuta, hulijaribu ndani ya kompyuta iliyopo, kwa kiasi cha memori ambacho mashine halisi inacho:

qemu-system-x86_64 -kernel vmlinuz -initrd core-mpya.gz -m 128

Namba ya mwisho ikipunguzwa hatua kwa hatua, mahali mfumo unaposhindwa kuwaka huonekana wazi. Ukishawaka kwenye mashine halisi, amri ya dmesg huonyesha muda uliopita kati ya mstari wa kuanza kufungua faili la kuwashia na ule wa kuachia memori yake, na namba hizo mbili zinatosha kulinganisha gzip, xz na zstd kwenye prosesa hiyohiyo. Faili la zamani hubaki kwenye diski likiwa na mstari wake katika menyu ya GRUB, mpaka jipya liwe limewaka mara kadhaa bila hitilafu.